Shangazi wa Saa Tisa na Robo

Mimi nina hasira za karibu. Nalisema mapema nisije nikasingiziwa upole. Nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi kwetu Muheza, watoto walikuwa wakiulizana getini mwalimu leo kaamkaje. Ndiyo maana nikikumbuka ile miaka miwili niliyofanya kazi kwenye shule moja ya Haltom City, najishangaa kwamba nilipandisha sauti mara moja tu, na hata hiyo mara moja haikuvuka mlango wa ofisi.

Nilikuwa msaidizi wa mwalimu katika darasa la chekechea. Cheti changu cha ualimu kilikuwa kabatini, ndani ya bahasha ya kaki, na huko kilikaa kimya kwa sababu Texas haikukitambua. Kazi yenyewe niliijua hata nikiwa usingizini: kufunga kamba za viatu, kufuta makamasi, kumshika mkono anayelia mpaka anyamaze, kukaa na wale wazito wa kusoma huku mwalimu akiendelea na wengine. Mwalimu wa darasa alikuwa binti wa mji wa Mansfield, umri wa mdogo wangu wa mwisho, ana bidii na ana tabia ya kumkumbatia kila mtu asubuhi, jambo nililolizoea polepole. Tulipatana tangu wiki ya kwanza. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa na mkataba, mimi nilikuwa na saa.

Saa yenyewe ilikuwa kimashine cheupe ukutani, kando ya mlango wa ofisi. Unagusisha kadi, kinalia, basi umeanza kuwa mtu wa shule. Saa tisa na robo mchana unagusisha tena, kinalia, umekwisha kuwa. Mwalimu hakukigusa hata siku moja. Mshahara wake ulikuja vilevile, iwe barafu imefunga barabara, iwe Krismasi, iwe Julai. Wetu sisi ulikuwa wa saa. Shule ikifunga wiki ya sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba, mimi na wapishi na dada wa usafi tulifunga na pochi zetu. Mwezi wa sita na wa saba tulikuwa watu wa kuhangaika. Kiangazi cha kwanza nilikunja mashuka kwenye hoteli karibu na uwanja wa ndege mpaka vidole vikafa ganzi. Nikauliza kama naweza kupata ile fedha wanayopewa wasio na kazi, nikaambiwa hapana, kwa kuwa kila Mei shule inatupa barua ya kwamba Agosti tunatarajiwa kurudi, na mwenye barua hiyo hahesabiwi kuwa hana kazi. Jamani! Nina kazi ambayo haipo, na kwa sababu ipo, sina haki ya kusema haipo.

Kulikuwa na mambo madogo pia, na mimi madogo ndiyo hunipandisha mori. Kila Ijumaa tulivaa fulana za shule. Walimu walipewa zao kwenye mfuko wenye utepe, sisi tukaambiwa za kwetu zinauzwa ofisini. Binti wa Mansfield aliona nimenuna. Kesho yake akanipa moja ya zake, akisema alizidishiwa. Ilikuwa ya mtu mwembamba. Niliivaa hivyohivyo mwaka mzima, nikipumua kwa adabu.

Mtu ataniuliza, sasa ulikaa kwa nini? Nilikaa kwa ajili ya bima ya afya. Mume wangu anaendesha lori lake mwenyewe, leo yuko Houston, kesho Oklahoma, na mwenye lori lake mwenyewe hana tajiri wa kumkatia bima. Kijana wetu ana pumu, na dawa yake ya kuvuta ilipitia kwenye kadi yangu. Na kwa kweli niliwapenda wale watoto. Nisiifanye ionekane kama nilikuwa kifungoni.

Agosti ya mwaka wa pili akaja msichana mmoja, mdogo kwa umbo, begi limemzidi mgongo. Mama yake alikuwa Mrundi aliyekulia kwenye makambi ya Kigoma, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha kule. Siku ya kwanza alinisikia nikimwambia bintiye, njoo mwanangu tuvae kiatu, akashika fremu ya mlango na kusimama pale kama aliyesikia redio ya nyumbani. Tangu hapo akawa ananiita Mwalimu. Nilimweleza kwamba mwalimu ni yule, mimi ni msaidizi tu. Akasema, ndiyo, Mwalimu.

Alikuwa akifunga maboksi kwenye ghala la mbali, kaskazini ya Fort Worth. Hakuwa na gari. Alikwenda na kurudi na Warundi wenzake kwenye gari moja kubwa ambalo haliondoki mpaka wa mwisho apande, na likirudi linashusha watu mmoja mmoja kwa njia yake. Hata shift yake ikiisha mapema, hafiki Haltom City kabla ya saa kumi. Shule ilikuwa inatoka saa tisa. Mwanzoni mtoto alikuwa akichukuliwa na jirani yao, bibi mmoja Mkongo. Oktoba yule bibi akahamia Houston kwa mwanawe, na pengo likabaki pale pale alipoondoka.

Mtoto asiyechukuliwa hukalishwa kwenye benchi mbele ya ofisi. Simu zinapigwa. Ikitokea tena na tena, taratibu za shule zilisema, mara ya tatu wanaitwa polisi, na ofisi ya ustawi wa watoto inaarifiwa. Mama alikuwa ameelezwa habari hiyo na majirani, na kila jirani alikuwa ameongeza lake: wakimchukua mtoto hawamrudishi, mtoto anapewa watu wengine. Aliniambia hayo mlangoni, taratibu, bila kulia. Alikuwa amevuka mipaka na mtoto huyo mgongoni. Sasa alikuwa anaogopa benchi.

Mimi nikaona hilo halina mjadala. Nimekulia katika nyumba ambayo mgeni haagwi akiwa mlangoni. Unatoka naye, unamsindikiza mpaka barabarani, unasimama mpaka apotee. Mtoto wa mtu nimekaa naye kutwa nzima, halafu saa tisa na robo nimwachie benchi? Nikawa nakaa naye. Nagusisha kadi yangu kwanza ili nisije nikadai hata dakika moja isiyo yangu, halafu narudi darasani, tunakata karatasi, tunapanga rangi, mpaka mama afike anahema. Mara nyingi mwalimu naye alikuwepo, akipamba kuta. Tulikuwa watatu, tukipiga soga na muziki chini chini. Zilikuwa saa nzuri kuliko zote za siku.

Mume wangu alikuwa akipiga simu kutoka barabarani, ananiuliza nipo wapi, namwambia bado shuleni nasindikiza. Akawa ananitania, mshahara wa kusindikiza ukitoka nimwambie na yeye, ana madeni ya matairi.

Novemba, asubuhi moja, kipaza sauti cha shule kilimsifu mwalimu wangu kwa moyo wake wa kubaki baada ya kazi. Watoto wakapiga makofi na mimi nikapiga kwa nguvu kuliko wote. Alasiri ya wiki hiyohiyo, mkuu wa shule alinikuta koridoni na yule msichana, tunakwenda kunywa maji. Mkuu alikuwa mama mmoja mrefu, mwenye nywele za mvi fupi, anayetembea na redio ya mkononi mchana kutwa. Akaniuliza kama bado niko kazini. Nikamjibu kwa fahari kabisa kwamba hapana, nimesha-clock out, kadi nimekwisha kuigusisha, nakaa kwa hiari yangu. Nilidhani nimejisafisha. Kumbe nimejifunga mwenyewe.

Kesho yake nikaitwa ofisini. Juu ya meza kulikuwa na karatasi ya onyo. Akanieleza, na alieleza bila ukali, kwamba mtu wa kulipwa kwa saa haruhusiwi kufanya kazi bila kulipwa hata akitaka, kwamba kukaa na mtoto ni kazi, na kwamba ikionekana tena, hataweza kunipa barua ya kurudi Agosti. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Halafu ndipo sauti ikapanda.

"Mwenzangu akikaa mnamsifu kwenye kipaza sauti. Mimi nikikaa mnaniandikia onyo. Chumba kimoja, mtoto yuleyule."

Mkuu wa shule aliiweka redio yake mezani. Akasema, "Nikikuacha ukae bure navunja sheria. Nikitaka kukulipa, sina fungu. Niambie wewe nifanye lipi."

"Basi mtoto ndiye akae bure," nikamwambia, nikachukua kalamu nikatia sahihi. Nilitia sahihi kwa sababu nilikuwa nakiona kile kichupa cha dawa ya pumu, si kwa sababu nimekubali.

Siku hiyo nikagusisha kadi, kikalia, nikatoka. Nikakaa kwenye gari langu, Corolla kuukuu, lililokuwa limeegeshwa ng'ambo ya uzio. Kutoka pale benchi lilionekana kupitia kioo cha mlango mkubwa. Msichana alikuwa amekaa na begi lake mapajani, miguu haifiki chini. Karani wa ofisi alikuwa akitoka kila mara kumtazama, anarudi ndani. Nililia, nasema wazi. Nililia kwa hasira, ile inayotia joto masikioni. Simu ikalia. Mama yake alikuwa ndani ya lile gari la Warundi, nasikia watu nyuma yake wanaongea, akaniuliza, Mwalimu, uko naye? Nikamwambia siko naye. Akasema, haya, na simu ikakatika.

Hiyo iliandikwa kuwa mara ya kwanza. Kesho yake mama aliomba ruhusa, akaletwa mapema na mwenzake mwenye gari dogo; siku iliyofuata, Ijumaa, gari hilo likakwama kwenye foleni ya ajali, ikaandikwa ya pili. Nikajua ya tatu haiko mbali. Jumamosi nikaenda kwao.

Walikaa kwenye majengo ya kupanga, ng'ambo ya barabara kubwa inayopita mbele ya shule. Alinipikia ugali wa muhogo na dagaa, na kisamvu cha kugandishwa anachonunua kwenye duka la Wavietnamu, na hakunipa nafasi ya kusema kilichonileta mpaka nimekula nikashiba. Halafu akaleta mfuko wa plastiki waliokuja nao kutoka kambini, ule wa hati zote za familia. Siku hizi alitia humo na karatasi za shule. Akaumimina mkekani, akasema nimsomee. Nikasoma moja baada ya nyingine. Katikati ya karatasi hizo palikuwa na nakala ya fomu ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Jina lake, na la yule bibi wa Houston.

Akaniambia bibi nimtoe, nijiweke mimi. Nikamwambia haiwezekani, mimi ni mfanyakazi wa shule. Nikamweleza tena habari ya onyo na barua ya Agosti, na kwamba nikikutwa na mtoto baada ya saa yangu nimekwisha. Alisikiliza huku akiokota miiba ya dagaa kwenye sahani ya bintiye.

"Ukishatoka pale mlangoni, wewe ni nani?" akaniuliza.

Niliisoma fomu upya, mbele na nyuma. Ilitaka mtu mzima, kitambulisho, namba ya simu, na uhusiano wake na mtoto. Hapakuwa na neno lolote linalomkataza mfanyakazi aliyekwisha kutoka. Kwenye nafasi ya uhusiano kalamu ilisita kidogo. Mama akanitazama kama anayeshangaa swali lenyewe linatoka wapi. Nikaandika shangazi. Jumatatu akaipeleka yeye mwenyewe kabla ya kwenda ghalani, na akarudishiwa kibao cha manjano chenye namba, cha kuweka kwenye kioo cha mbele cha gari.

Basi nikaanza maisha mapya. Saa tisa watoto wanatoka, nawapanga ukutani, nawafungia zipu, namfungia na yule msichana zipu yake. Saa tisa na robo nagusisha kadi. Natoka kwa mlango mkubwa, nazunguka uzio, nawasha Corolla, nazunguka mtaa mzima, naingia kwenye foleni ya magari nyuma ya malori yale ya Texas yenye matairi ya kunifika kifuani. Nasogea polepole mpaka kwenye koni ya barabarani, pale watoto wanapoitwa kwa namba, na kibao changu cha manjano juu.

Siku ya kwanza aliyekuwa anaita namba ni mwalimu wangu. Aliona namba, akaona uso. Utaratibu ulimtaka aulize, na yeye ni mtu wa utaratibu, akainama dirishani.

"Umekuja kumchukua nani, mama?" akaniuliza, uso mkavu kabisa.

Nikamtajia jina la mtoto niliyemfungia zipu muda si mrefu. Akauma mdomo, akaita kwenye redio. Msichana akaletwa, akapanda kiti cha nyuma, akanitazama, halafu akaniuliza kwa Kiingereza kama nimesahau kitu. Nilicheka mpaka gari la nyuma likapiga honi.

Tuliendelea hivyo baridi yote. Nilimpeleka mpaka kwao, tunakaa kwenye ngazi jua likiwepo, na kama kuna upepo tunakaa ndani ya gari na hita. Alinifundisha nyimbo za darasani ambazo mimi ndiye niliyemfundisha. Mama akishuka kwenye lile gari la Warundi, wote ndani walikuwa wakinipungia mkono, na dereva, mzee mmoja wa kofia, alikuwa akinipa shikamoo ya utani na mimi naipokea bila haya. Hakuna tena aliyekalia benchi. Mume wangu aliposikia nimepandishwa cheo kutoka msaidizi mpaka shangazi, alitaka kujua kama shangazi analipwa mwezi wa sita.

Februari kulikuwa na siku moja ya mvua kubwa, ile ya kulala pembeni kwa upepo. Walimu wengi walikuwa wagonjwa, na aliyetoka na mwavuli kwenye koni alikuwa mkuu wa shule mwenyewe. Nilimwona nikiwa nimekwisha kubanwa mbele na nyuma, hakuna pa kugeuzia. Nikawaza barua, nikawaza bima, nikawaza kijana wangu anavyokaa kitandani akivuta pumzi kwa mabega. Mkuu akafika dirishani, akatazama kibao, akanitazama. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye mkono wa koti. Akageuka, akaita namba yangu kwenye redio, na msichana alipokuja akamfunika kwa mwavuli, akamfungulia mlango, akamfunga mkanda wa kiti yeye mwenyewe.

"Alasiri njema, mama," akaniambia, akaenda kwenye gari linalofuata.

Hakunitajia jambo hilo kesho yake wala baadaye. Nilimheshimu kuanzia mvua ile.

Aprili tukaitwa wote maktaba. Kwanza zikatolewa habari njema, kwamba walimu wataongezwa mshahara mwaka unaokuja. Tukapiga makofi, na mimi nilipiga kweli, kwa sababu binti wa Mansfield alikuwa akinunua penseli za watoto kwa fedha yake. Halafu walimu wakaruhusiwa, na wasaidizi wa madarasa tukaombwa tubaki kidogo. Tukaambiwa kwamba kutoka Agosti siku yetu itaishia saa saba mchana. Barua zetu tutapata kama kawaida, wote tunatakiwa kurudi. Dada mmoja nyuma yangu akauliza habari ya bima. Jibu lilikuwa refu na lilianza kwa shukrani, kwa hiyo nilijua kabla halijafika mwisho. Kwa saa hizo, bima hakuna.

Sikusema kitu. Watu wanaonijua hawaamini, lakini sikusema. Nilikuwa nafikiria kichekesho chake: miezi yote ile niliomba dakika chache za alasiri, sasa wananipa alasiri nzima, wanachukua na kadi ya dawa ya mwanangu.

Mkuu wa shule aliniita baadaye. Barua yangu ya Agosti ilikuwa mbele yake, imeshapigwa sahihi. Akaniambia kwamba uamuzi umetoka juu, na kwamba angekuwa na uwezo angenibakiza na saa zangu zote. Nikamwamini. Nikamwambia barua aiweke, sitarudi. Nilikuwa nimekwisha kuomba kazi ya kuhudumia wagonjwa kwenye hospitali moja Arlington, yenye bima Januari mpaka Desemba, na walikuwa wamenikubali. Akasema tangu ile Novemba hajamwona tena mtoto wangu kwenye benchi. Alisema hivyo, mtoto wangu. Nikatoka haraka kabla sijamwaga machozi kwenye zulia lake.

Kumwambia mama wa yule msichana ndiko kulinikalia vibaya. Kazi mpya ilikuwa inatoka jioni. Hakuna Corolla, hakuna kibao cha manjano. Nilimwambia pale kwenye ngazi, alipokuwa bado na fulana ya ghalani, na nilisema kwa mkato kwa sababu nikizunguka nitashindwa. Alisema, haya, Mwalimu. Akakaa. Halafu akaniuliza wale kina mama wa jikoni pale shuleni hutoka saa ngapi.

Nikaelewa anapokwenda, na hasira zikaniamka, si kwake. Nikamwambia wanatoka saa nane, ndiyo, lakini asijidanganye. Nikamweleza yote: mwezi wa sita na wa saba hakuna kitu, wiki ya Shukrani hakuna kitu, Krismasi hakuna kitu, fulana ya Ijumaa anajinunulia, na ukiomba msaada unaonyeshwa barua. Ghalani anapata zaidi, tena mwaka mzima. Nilizungumza mpaka nikachoka.

"Mwalimu," akasema, "kukaa bila pesa nakujua. Kukaa bila mtoto sikujui."

Jumamosi iliyofuata nikaenda na kompyuta yangu, tukajaza maombi ya kazi ya jikoni pamoja, mtoto akitutajia herufi. Wiki mbili baadaye akaitwa, na kabla shule haijafungwa akaambiwa aanze Agosti.

Siku ya mwisho ya Mei walimu walikuwa na chakula chao maktaba. Binti wa Mansfield alikataa kwenda mpaka nimalize, akakaa na mimi darasani tukibandua karatasi ukutani, tukilia na kuchekana. Saa tisa na robo alitoka na mimi mpaka kwenye kile kimashine. Nikagusisha kadi kwa mara ya mwisho, kikalia kama kinavyolia siku zote, nikaiacha kadi kwa karani.

Nje, chini ya jua kali, mama alikuwa amesimama na bintiye. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, akaja kwa miguu. Alinibebea mfuko wa unga wa muhogo na wa dagaa. Mimi nilikuwa na ile fulana iliyonibana, nikampa msichana, akaivaa juu ya gauni lake palepale, ikamfika magotini. Mama akasema leo ni zamu yao, wamekuja kunisindikiza.

Tukatembea kando ya uzio mpaka kwenye Corolla. Nikaweka mifuko nyuma. Ikawa siwezi kuwaacha pale peke yao juani, nikafunga gari, nikawasindikiza kurudi mpaka mlango wa shule, ambako barabara ya kwao inaanzia. Tukasimama tena. Benchi lilikuwa linaonekana kupitia kioo, halina mtu.

Mama akalitazama. Akaniambia, Agosti atamaliza jikoni saa nane, atajipumzisha, saa tisa atamchukua mwanawe. Hilo limekwisha. "Lakini nikimkuta mtoto wa mwingine amekaa pale?"

"Gusisha kadi kwanza," nikamwambia. "Halafu toka nje kabisa, zunguka uzio. Ndipo urudi."

"Nirudi nikiwa nani?"

"Shangazi."

Akacheka, akamshika bintiye mkono, wakaanza kunisindikiza tena kwenye gari.